Jina Langu Kwenye Kadi ya Poso

Nimerudi Kolwezi wiki hii kufungasha vitu vya nyumba yetu ya zamani. Mtaa mzima unahamishwa, maana chini ya sakafu zetu kuna kobalti, na jirani wa upande wa pili ameshachimba shimo sebuleni kwake. Ndani ya mkebe wa biskuti nimekuta kadi ya poso ya babu, imefifia kama kitenge kilichofuliwa mno. Nimekaa nayo chini mpaka chai yangu ikapoa.

Poso, rafiki yangu, kama hukuikuta, ilikuwa unga, mafuta na samaki ambavyo kampuni ya shaba iliwagawia wafanyakazi wake kila mwezi. Siku hiyo tuliamshwa na king'ora cha kampuni, nje kukiwa bado na ukungu wa kiangazi, na bibi ameshakunja magunia matupu. Mchana nyumba ilinukia sombe, yaani kisamvu, na bukari, ugali wetu, ilikuwa kubwa hata tukashindwa kuimaliza. Nikifumba macho nausikia mwiko wake ukigonga sufuria.

Kwenye kadi waliandikwa mfanyakazi, mke wake na watoto wake. Wajukuu hawakuwemo. Mama yangu, binti wa babu, alikuwa amekwenda Ubelgiji kutafuta maisha, akaniacha nikiwa sijaota hata jino, na siku moja nilipata homa kali, hospitali ya kampuni ikataka kadi. Babu akaniandikisha kuwa mtoto wake wa mwisho. Mtaani kwetu hilo halikumkosesha mtu usingizi. Kadi nyingi zilijaa wajukuu na wapwa waliogeuka watoto. Nilifundishwa tu: nyumbani nimwite kaku, yaani babu, na kwenye lango la kampuni nimwite tata, yaani baba. Nililiweza hilo vizuri mno, nikajiona mjanja.

Tatizo ni kwamba cheti changu cha kuzaliwa nacho kiliifuata kadi. Mama alipopata makaratasi ya kukaa Ulaya na kuomba nimfuate, ubalozi ukasoma, ukaona anayemwomba ni mdogo wake, si binti yake. Kule wanamtaka mama aliyekuzaa, na wanamtaka kwa maandishi. Mama alilia kwenye simu ya jirani mpaka jirani naye akalia. Ikabaki njia moja: babu asimame mbele ya hakimu, aseme mimi si mtoto wake, ni mjukuu.

Babu alikubali. Alikuwa ameshastaafu, hakuwa na cha kuogopa kwa kampuni. Wiki nzima tulifanya mazoezi tukimwagilia mboga nyuma ya nyumba: hakimu akiniuliza, nisiseme tata. Mimi kichwani nilikuwa nimeshafika Ulaya. Kandambili zangu nilishamgawia rafiki yangu, na picha ya mama aliyesimama kwenye theluji nililala nayo chini ya mto.

Mahakamani babu alivaa koti lake la kanisani. Hakimu aliuliza kwa upole, "Tata, huyu mutoto ni wa nani?"

Mkono wa babu ulikuwa umeshika wangu. Nikasubiri neno tulilolifanyia mazoezi.

"Ni mutoto yangu," akasema.

Hakimu akarudia swali, naye akarudia jibu, safari hii taratibu zaidi, akinitazama mimi. Faili likafungwa.

Nyumbani bibi alisonga bukari, akaiweka mezani, akauliza jambo moja tu: "Na mama yake, utamuambia nini?" Babu hakula. Nami sikumwita kwa jina lolote, si kaku si tata, mpaka mvua za kwanza ziliponyesha. Nilimchukia, ndiyo. Na kila asubuhi bado nilimpelekea maji yake ya kunawa, kwa sababu nilimpenda na sikujua nifanye nini na yote mawili.

Leo king'ora hakilii tena, poso ilikufa zamani, wazee wote wawili wako makaburini, na wiki ijayo tingatinga litapita jikoni kwa bibi. Mama angali Ubelgiji. Hatukuwahi kuishi nyumba moja, na kwa miaka mingi hakutaka kusikia babu akitajwa. Jioni hii nimempigia, nikamweleza nilichokikuta mkebeni.

"Uitunze," akasema. "Ni kadi ya tata yetu."