Mgombea Asiondoke Bila Kuaga

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja ya ukungu chini ya Mlima Hanang, nikiwa nimekaa kiti cha nyuma katika gari la chama pamoja na watu wawili niliokuwa nikishindana nao. Ndivyo kura za maoni zilivyo kwetu: wagombea hupakiwa gari moja, wakazungushwa tawi kwa tawi wajinadi mbele ya wajumbe, kisha wakarudi mabega yakigusana kama watoto wa nyumba moja. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nina mawazo tele. Nakuita mwanangu ingawa umri wangu bado ni mdogo. Mimi ni shangazi, na shangazi hangoji mvi ndipo awe mzazi.

Niligombea udiwani kwa ajili ya jambo moja. Kata yetu ina wakulima mtelemkoni na wafugaji mbugani, na katikati yapo mapito ya mifugo yanayoshuka hadi lamboni inakonywa maji. Bwana Tarmo, mfanyabiashara wa mazao, alitaka mapito yale yalimwe alizeti. Mama Veronika, mkunga mstaafu, alitaka yaachwe. Mimi nami nilitaka yaachwe. Bila shaka umeshaona tatizo: watu wa mapito tulikuwa wawili, mtu wa alizeti alikuwa peke yake.

Katika kila tawi wajumbe waliwauliza wenzangu maswali. Bwana Tarmo aliulizwa ng'ombe watapita wapi. Mama Veronika aliulizwa vijana watalima wapi. Mimi niliambiwa, "Asante, binti, kaa." Mwanzoni nilidhani nimeeleweka sana. Halafu nikadhani wananiogopa. Halafu nikadhani ni sauti yangu, au viatu. Nililifikiria hilo njia nzima, ukungu ukiufunika mlima na kuufunua, hata sikujua kama ni gari linalokwenda au ni mlima unaotupita taratibu, umelala. Ukweli ulikuwa mwepesi kuliko mawazo yangu. Mtu asiyeulizwa ameshapimwa, akaachwa.

"Msomi," Bwana Tarmo alinigeukia, "mbona unatabasamu? Umeota umeapishwa?"

Dereva alicheka hadi gari likayumba.

"Niache nikae, mzee," nilimjibu. "Kiti hakilalamiki."

"Hakilalamiki, ila kinakula mafuta bure. Lakini kaa, kaa kabisa! Mimi nakupenda ukiwa humu humu."

Mama Veronika hakucheka. Alinimegea kiazi chake cha kuchemsha. "Kula, mwanangu. Mawazo hayashibishi."

Lile neno la mwisho la Bwana Tarmo lilinikaa. Kwa nini mtu ampende mshindani wake abaki? Nikaanza kuona: kila kura ambayo ningeipata ingemtoka Mama Veronika, si yeye. Fahali wawili wakipigana, ziumiazo ni nyasi. Na nyasi zenyewe ndizo tulizokuwa tunazigombania.

Nilitafuta msaada kwenye methali. Moja iliniambia mvumilivu hula mbivu. Nyingine ikaniambia asiyekubali kushindwa si mshindani. Methali zetu, mwanangu, ni kama ndugu wa baba mmoja: ukimwita huyu, na yule anaitika. Baada ya kuchoka nazo niliamua nijitoe kimyakimya. Ningemtumia katibu ujumbe kwa simu, nizime simu, nipande kwa ndugu zetu Endagikot, nilale mpaka watu wasahau jina langu.

Mchana tulisimama tawi la mbugani, jirani na boma la Bibi Udamara. Huyu bibi wa Kibarbaig alikuwa mjumbe, na ndiye aliyekuwa wa kwanza kusimama akasema mtoto huyu apewe nafasi. Nilimfuata kumsalimia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mbona unasalimia huku unaangalia barabara?"

Nikamweleza yote, pamoja na ule ujumbe wa simu. Alinisikiliza huku anamfukuza ndama aliyekuwa anatafuna kanga yake.

"Nani alikutuma kugombea? Simu?"

"Ni ninyi, bibi."

"Sasa kwa nini unaiaga simu?" Aliichomoa kanga mdomoni mwa ndama. "Mgeni akila kwangu, akatoka kwa nyuma ya nyumba bila kuaga, sisemi amechoka. Nasema ameiba. Mimi nimewaambia wazee wa huku wakuchague. Ukipotea nitawaambia nini? Watakasirika, watakaa nyumbani na ng'ombe wao, na huyo bwana wenu atalima mpaka mlangoni kwangu."

"Kwa hiyo nibaki?"

"Ai! Masikio ya shule haya. Nani amesema ubaki? Nimesema uage. Tena uage leo, kura ni kesho kutwa. Ukingoja watu wameshashika karatasi, hiyo si kuaga tena, ni kutoroka mbele ya macho."

Basi gari liliondoka bila mimi. Alasiri nzima tulitembea boma kwa boma, yeye mbele na fimbo yake, jua likilala juu ya vumbi la mifugo, kila kitu kikiwa cha dhahabu na cha mbali, kana kwamba nakumbuka wakati bado natembea. Wengi walinisikia, wakanipa maziwa, wakaniruhusu. Damiano hakuniruhusu. Alikuwa mjumbe kijana, wa rika langu, aliyenitetea kuliko wote.

"Tumetukanwa kwa ajili yako, dada. Leo unatuuza?"

Nilikuwa na majibu mengi. Nikayaacha. Nilimwambia tu, "Mapito yakilimwa sababu nimeona aibu kushindwa, hapo ndipo nitakuwa nimewauza." Aliinama akafunga kamba ya kiatu ambayo ilikuwa imefungwa tayari.

Kesho yake, tawi la mwisho, nilisimama nikasema, "Naomba kura mlizonitunzia mumpe Mama Veronika." Nikakaa. Safari hii Bwana Tarmo hakuwa na utani.

Mama Veronika alipita, kwa tofauti ndogo hata Bwana Tarmo akaomba kura zihesabiwe tena. Zikahesabiwa, akapita tena. Damiano alipiga kura. Hakuniambia alimpa nani, nami sijamuuliza. Ng'ombe bado wanashuka lamboni.

Sasa nisikilize, mwanangu. Kuwa nyuma tu si sababu ya kutoka. Kama umebeba jambo ambalo hakuna mwingine aliyelibeba, baki mpaka karatasi ya mwisho, hata ukipata kura yako tu. Usitoke kwa kuogopa kuchekwa, wala kwa kuahidiwa cheo. Lakini ukiona jambo lako liko mikononi mwa mtu anayeaminiwa zaidi, na anayefurahia kubaki kwako ni yule unayempinga, saa imefika. Toka mapema, watu wako wakiwa bado na muda wa kukasirika na kutulia. Uende kwao kwa miguu yako, wakusikie kwa mdomo wako.

Mungu akupe watu wa kukutuma, na uso wa kuwarudia. Akupunguzie mawazo, akuongezee usingizi. Mvua ikukute umeshapanda, na kila mlango utakaopitia ukitoka, waliobaki ndani wakuombee heri.