Jezi Namba Tatu Hukabidhiwa kwa Mkono

Ipo Ijumaa moja, mwanangu, ninayoikumbuka kuliko siku nyingi nilizoshinda. Sijawahi kukusimulia kwa sababu haina bao ndani yake. Lakini dada yangu, mama yako, alinipigia simu jana akaniambia umeachwa kwenye kikosi cha mechi ya watani wa jadi, jezi umeitupa chini ya kitanda, na kesho huendi uwanjani. Anadhani mjomba wako nitakubembeleza. Mimi si mtu wa kubembeleza, unanijua. Nitasimulia tu, halafu utafanya utakavyo.

Timu ya chuo chetu, ambayo sasa ni yako, wewe unaijua kwa mabango na makombe. Mimi niliikuta bado ina wazee waliokumbuka ilivyoanza, enzi za ubaguzi wa rangi, walipokuwa wakicheza kwenye uwanja wa vumbi na seti moja tu ya jezi. Mchezaji aliyetolewa alivua jezi yake palepale pembeni, akampa anayeingia, jasho na yote. Na kwa kuwa kocha hawakuwa naye, anayetoka ndiye aliyemweleza anayeingia mambo ya uwanjani: yule jamaa anapenda mguu wa kulia, pale kuna shimo, usipapite. Baadaye jezi zikawa nyingi na kocha akaajiriwa, lakini desturi ikabaki. Hadi leo, ukipoteza namba yako kabla ya mechi ya watani wa jadi, unaifua jezi mwenyewe, unaipiga pasi, unampelekea aliyekurithi pembeni mwa uwanja watu wote wakitazama, na unamwambia kila unachokijua.

Desturi nyingine ni vichekesho tu. Siku ya watani tunashuka kilima kwa miguu kutoka bwenini, hata kama basi limeegeshwa mlangoni. Mstari wa chokaa unarukwa, haukanyagwi. Mchezaji mpya anaimba wimbo wa kwao; mimi niliimba wimbo wa harusi wa Tanga, nikaitwa Bibi Harusi mpaka namaliza chuo. Hizo mkizifuta sitalalamika. Hii ya jezi ndiyo naizungumzia.

Mwaka wangu wa pili nilikuwa nasugua benchi. Beki wa kushoto, mwenye namba tatu, alikuwa Heritier, Mkongo wa Bukavu, naye alikuwa mwaka wa mwisho. Mama yake alikuwa msusi pale sokoni Warwick Junction, karibu na stendi ya teksi. Jumamosi ndiyo siku ya wateja, kwa hiyo hakuwahi kumwona mwanawe akicheza. Safari hii, kwa kuwa ilikuwa mechi ya mwisho ya Heritier dhidi ya watani, mama aliahidi kufunga kazi na kuja. Heritier aliitangaza ahadi hiyo mpaka wapishi wa bwenini wakaijua.

Ijumaa hiyo kocha akasoma kikosi. Namba tatu, akataja jina langu. Winga wa watani alikuwa na mbio za ajabu, na paja la Heritier lilikuwa limeanza kumsumbua. Kocha hakukosea, na hilo ndilo lililoniuma zaidi, maana sikuwa na wa kumlaumu. Heritier alinipa mkono, akasema, "Sharp, mudogo wangu," kana kwamba mambo yako sawa, akatoka.

Nikaona dawa ninayo. Ningesema kifundo cha mguu kimeteguka, namba ingerudi kwa mwenyewe, na mama angemwona mwanawe akicheza. Nilijiona mtu mwema sana, mwanangu, nikajisifu njia nzima. Nilipanda teksi hadi Warwick kumtafuta Heritier, maana Ijumaa jioni alikuwa akimsaidia mama yake kukusanya viti na miavuli. Sikumkuta. Nikamkuta mama, vidole viko kwenye kichwa cha mteja.

Nikamwamkia shikamoo. Akacheka kama kawaida yake. Salamu hiyo aliiona kitu cha Watanzania.

"Heritier hayuko," akasema. "Ulikuwa na neno?"

Nikamwambia asiwe na wasiwasi, kesho Heritier atacheza, mimi nitasema mguu unaniuma. Nilitegemea anibariki. Aliendelea kusuka mpaka akafika mwisho wa msuko, akaufunga.

"Ni yeye amekutuma?"

"Hapana, mama. Ni mimi mwenyewe."

"Basi weye unataka nifunge kazi yangu nikuje kuangalia uongo?"

Mteja naye akanitazama kwenye kioo, na huyo hata simjui.

"Heritier alishanieleza kwa simu," mama akasema. "Alilia, eeh. Akasema, mama, usikuje tena, siko ndani. Nikamwambia nitakuja. Mimi nilisema nataka kuona mutoto wangu. Sikusema lazima apige mupira. Kama kesho iko anabeba jezi, nitaona namna anabeba."

"Mama, nilitaka kumsaidia."

"Unamuhurumia. Haiko sawa na kumusaidia. Kesho yeye atasimama mbele ya watu na roho nzito, atafanya kazi ya muntu mukubwa. Weye unataka kumunyanganya hiyo pia?" Akanionyesha barabara kwa kichana. "Enda ulale. Uje ucheze vizuri, asikuachie namba ya bure."

Nilirudi bwenini kwa miguu. Niliona aibu, sikufichi, na nilimkasirikia kidogo pia. Hakuna anayependa kukuta wema wake umerudishwa kama nguo isiyomtosha mtu.

Jumamosi tukashuka kilima, tukaruka chokaa. Mama Heritier alikuwa amefika kabla yetu, kitenge kipya kichwani, amesimama mbele kabisa. Heritier akaja na jezi mikononi. Mikunjo ya pasi ilikuwa imenyooka na harufu ya sabuni niliisikia kabla hajafika. Mikono ilikuwa inamtetemeka. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba yule winga ana ujanja mwingi wa miguu, nisiitazame, nitazame kiuno. Akasema kwenye kona ya chini nyasi zimekufa, mpira unaruka juu ghafla, kwa hiyo nirudi hatua moja nyuma. Angeweza kuinyamazia hiyo kona, na hakuna ambaye angejua. Kisha akaniwekea jezi begani.

Kawaida watu hukaa kimya pale. Mama yake akapiga vigelegele. Uwanja mzima ukageuka, wengine wakacheka, halafu makofi yakaanza upande wetu yakafika hadi kwa watani. Heritier akainua kichwa. Nilitaka kulia na nilikuwa na mechi ya kucheza.

Tulifungwa bao moja. Halikupita upande wangu. Mpira uliruka kwenye ile kona ya nyasi zilizokufa, nami nilikuwa tayari nimerudi nyuma, nikautoa kwa kichwa. Nilipotazama pembeni, Heritier alikuwa anamweleza mama yake jambo kwa mikono, akionyesha kona, naye mama anatikisa kichwa kukubali kama mtu aliyeujua mpira tangu utotoni.

Sasa nasaha yangu ni hii, mwanangu. Toa jezi chini ya kitanda. Ifue kwa mkono wako, mama yako asiiguse. Mpelekee huyo kijana, umwambie yote, hata lile unalotamani alikose. Akitokea mtu wa kukuhurumia kwa uongo, mkatalie kwa adabu, maana hana nia mbaya; mimi nilikuwa hivyohivyo. Na siku ukiwa wewe ndiye unayepokea, pokea wima, usijifanye mgonjwa. Kuachwa kwenye kikosi kunauma, wala sitakudanganya kwamba kutaacha kuuma kesho. Lakini kile unachokijua kuhusu upande ule wa uwanja bado ni chako, na wewe tu ndiye wa kumpa mwenzako.

Mungu akujalie mikono mitulivu. Ikitetemeka, akujalie uikabidhi jezi hivyohivyo. Nitaondoka kwangu Queensburgh asubuhi na mapema nimpitie mama yako, maana nimeshamwambia: tunataka kufika kabla mechi haijaanza.