Reli, Nyota na Mitungi Miwili

Siku nilipochagua reli yangu ya kupimia lenzi nilimchosha muuza vyuma chakavu mmoja kule sokoni Muthurwa, Nairobi. Alikuwa na vipande vya alumini vilivyong'olewa kwenye milango ya kuteleza, na kila kimoja aliapa kwamba kimenyooka. Sikubishana naye, maana mimi si mtu wa maneno. Nilifumba jicho moja nikachungulia kutoka ncha hadi ncha, kisha nikatoa uzi mfukoni na kuuvuta juu ya chuma. Vipande vinne vilikuwa na mwanya chini ya uzi, cha tano hakikuwa nao. Muuzaji akaniuliza kama nimekuja kununua chuma au kutafuta mume.

Reli hiyo niliifunga kwa skrubu juu ya meza ndefu ya mbao, katika chumba cha kazi hapa Mbotela. Chumba ni cha binamu ya mama yangu, fundi wa kamera, ambaye namwita mjomba. Yeye hufungua lenzi na kuzisafisha, mimi huzipima. Niliishia darasa la nane, lakini kazi hii inataka zaidi mtu asiyeamini upesi, na kutoamini nilizaliwa nako.

Kwenye ncha moja ya reli kuna tochi. Mbele yake nimebandika foili ya kufungia chakula, nimeitoboa kwa sindano nyembamba kuliko zote nilizopata dukani. Nuru inayopita kwenye tundu hilo ndiyo nyota yangu. Inapita kwanza kwenye lenzi moja kubwa ninayoijua vizuri, halafu kwenye lenzi inayopimwa, na ncha ya pili naichungulia kwa kioo cha kukuzia kilichotoka kwenye hadubini kuukuu. Lenzi nzuri huonyesha nukta ya mviringo, lakini ikiwa kioo chake kimoja kimekaa upande, nyota huota mkia. Nikimaliza naandika majibu kwenye karatasi, polepole, herufi moja moja, na mjomba anatia tone la rangi nyekundu ya kucha juu ya skrubu ya lenzi. Mtu akiifungua lenzi baadaye, rangi inapasuka.

Mpiga picha wa harusi kutoka Kware alituletea lenzi aliyoinunua ikiwa imetumika, katika duka moja mjini. Duka lilimpa siku saba za kuirudisha, mradi awe na karatasi ya mpimaji inayosema ni mbovu. Niliipima siku hiyohiyo. Nyota ilikuwa mviringo. Nikaandika kwamba ni safi, mjomba akatia rangi, na lenzi ikalala kwetu kwa sababu mwenyewe alikuwa na kazi. Kesho yake akaichukua.

Siku ya sita alirudi. Hakusalimu. Aliweka simu yake mezani ikionyesha picha ya maharusi: bwana harusi ameonekana hadi vifungo vya shati, bibi harusi kama yuko nyuma ya moshi.

"Siste, uliandika hii ni safi," alisema. "Ama ulipima umefunga macho kama mtu wa maombi?"

Niliifunga lenzi kwenye kishikio, nikavuta pazia, nikachungulia. Nyota ilikuwa na mkia. Niliizungusha lenzi kidogo, na mkia ukazunguka nayo. Hiyo ndiyo dalili kwamba ubovu uko ndani ya lenzi yenyewe, si kwenye reli.

Nilijua nilichokiona siku ya kwanza, kwa hiyo mtu alikuwa ameibadilisha. Nilianza na mpiga picha mwenyewe. Huenda aliidondosha mahali, sasa anatafuta wa kumbebesha lawama. Nilitazama ukingo wa lenzi nikitafuta alama ya kugonga chini, sikuiona. Akanifuata kwa macho na kuniuliza kama naichunguza lenzi au namchunguza yeye.

Ndipo nikamfikiria mjomba. Lenzi ililala kwake. Kwenye droo yake kuna lenzi ya aina ileile, imekaa mwaka mzima ikingoja kioo. Na chupa ya rangi ya kucha ni yake, kwa hiyo angeweza kufungua, kubadilisha na kupaka upya. Mtu aliyenipa chumba na kazi. Niliona aibu, lakini niliichukua lenzi nikaliweka lile tone la rangi chini ya kioo cha kukuzia. Lilikuwa zima. Ndani yake kulikuwa na unywele mmoja wa brashi, umepinda kama ndoano. Niliukumbuka. Siku ile nilitaka kumwambia mjomba autoe, nikaona haya. Hakuna aliyefungua lenzi hiyo.

Sasa nilikosa wa kumshuku.

Mjomba akaita kutoka nje kwamba maji yamekuja, nitoke upesi kabla hayajakatika. Tulijaza mitungi miwili. Sakafu yetu huingiwa na maji machafu ya mtaro, kwa hiyo maji ya kunywa hatuyaweki chini. Tuliyapandisha mahali petu pa kila siku, mwisho wa meza, karibu na reli. Mpiga picha alikuwa bado ameketi, ananitazama. Kwa kukosa la kufanya niliinama tena kwenye kioo.

Mkia haukuwepo. Nyota ilikuwa mviringo kabisa.

Nilishusha mtungi mmoja, mkia ukaanza kuota. Nikashusha wa pili, ukarefuka. Ubao wa meza ulikuwa unapinda kwa uzito wa maji, reli inapinda nao, na kupinda kwake kulikuwa kumeuficha ubovu wa lenzi. Siku ya kwanza pia ilikuwa siku ya maji, na mitungi ilikuwa hapohapo mezani. Na siku ile sikuizungusha lenzi hata mara moja. Niliona nyota nzuri nikaridhika.

Nilirudisha mitungi mezani. Sitaficha kwamba nilifikiri. Ningemwita mpiga picha achungulie hivyohivyo, angeona nyota mviringo, angeondoka akiamini kamera yake ndiyo mbovu, na kesho siku zake zingekwisha.

"Unaona nini?" akauliza.

Nilimwomba mjomba anisaidie kuishusha mitungi, mmoja baada ya mwingine, huku mpiga picha akiwa ameweka jicho kwenye kioo. Kisha mpiga picha aliinua kichwa.

"Kwa hiyo ilikuwa mbovu tangu mwanzo," alisema.

"Ndiyo. Mimi ndiye niliyekosea."

Mjomba aliitazama mitungi, kisha akanitazama mimi, akasema tutatafuta matofali ya kuwekea mitungi, isikae tena mezani. Hakujua bado nilichokuwa nimemwazia.

Niliandika karatasi ya pili. Niliandika kwamba lenzi ni mbovu, kwamba karatasi yangu ya kwanza si ya kweli, na sababu yake. Ilinichukua karibu nusu saa. Mpiga picha alisimama juu yangu muda wote, hakuniharakisha.

Wiki iliyofuata alirudi na lenzi nyingine aliyobadilishiwa dukani. Alisimama mlangoni, akachungulia chini ya meza, kisha juu yake.

"Niaje siste," alisema. "Kwanza niambie, maji yamekuja leo?"