Sokoni Unatembea

Bukavu mtu hakimbii hivi hivi. Ukimwona mtu anakimbia, wewe kimbia kwanza, utauliza mbele ya safari. Hayo hatukufundishwa shuleni, tulifundishwa na miaka. Kwa hiyo Constantin, mwalimu wa mazoezi ya viungo katika sekondari moja ya mtaa wa Nguba, alipoamua kuwa mkimbiaji wa masafa marefu katika mji huu, alijitwisha kazi mbili kwa mpigo: kukimbia, na kuwaeleza watu kwamba hakuna kitu.

Kazi hiyo ya pili aliifanya kwa filimbi. Kila mtu wa kikundi chao cha riadha alivaa filimbi shingoni, na kila alipokaribia watu aliipuliza kwa mkupuo mfupi mfupi. Watu wakiisikia walicheka, wakasema "Sport!", wakaendelea na yao. Mkubwa wa kikundi alikuwa Papa Philémon, mzee mwenye goti bovu na ulimi mzima kabisa. Yeye ndiye aliyeleta filimbi, na ndiye aliyeweka sheria ambayo hakuruhusu ijadiliwe.

"Mu soko munatembea," aliwaambia. "Hata kama miguu iko naruka yenyewe. Filimbi haitoshe mu soko, juu kule kelele iko mingi na roho za batu ziko juu juu. Munatembea, munasalimia bamaman, munatoka, kisha munakimbia."

Mwaka huo mji ulikuwa umebadili watawala, kwa bunduki, mwezi wa pili. Sitasimulia namna ilivyokuwa. Aliyekuwapo anajua, na asiyekuwapo hatanielewa. Shule zilifunguka tena, lakini mshahara wa Constantin haukufunguka. Francine, mkewe, ndiye aliyebeba nyumba kichwani. Alinunua sambaza, dagaa wa ziwani, kulipokucha, akapanda nao hadi soko la Mudaka, akawakaanga kando ya barabara mpaka jioni. Constantin alibaki nyumbani na binti yao Joviale na mikono mitupu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, na alianza kujisikia kama kiti kilichovunjika mguu, kinachosogezwa huku na huku na hakuna anayekikalia.

Ndipo zikaja habari za mbio za Kampala. Kilomita arobaini na mbili, mwezi wa tisa, na kikundi kingeweza kumpeleka mtu mmoja tu. Papa Philémon aliweka mtihani: kutoka Nguba, kupita soko la Mudaka hadi kanisa lililo mbele yake, na kurudi, chini ya saa mbili na nusu. Chris, kijana mwendesha pikipiki za abiria, aliupita mara ya kwanza, akarudi anatafuna muwa. Lakini Chris alikuwa mtoto, miaka yake ilikuwa bado mbele. Mzee akaamua kwamba Constantin akiupita naye kabla mwezi wa saba haujaisha, atakwenda mkubwa, na mdogo angoje zamu yake. Chris mwenyewe alikubali bila kununa.

Basi hicho ndicho Constantin alichokitaka, na alikitaka mpaka usingizi ukamkimbia. Si medali. Alitaka kitu kimoja tu kimwambie kwamba bado hajaisha.

Wageni huambiwa Bukavu ni mji wa baridi. Waje mwezi wa saba, saa saba mchana, wapande barabara ya Mudaka kwa miguu! Mvua imesahau njia, vumbi la malori limesimama hewani halitaki kushuka, na jua linapiga utosi bila kupumzika. Mkimbiaji mwenye akili angekimbia alfajiri. Lakini alfajiri za mwaka huo barabara ilikuwa ya wenye bunduki na ya wezi, na mara nyingine hao walikuwa watu walewale. Saa salama ilikuwa mchana kweupe, watu wote wakiwa nje. Usalama ulikaa juani, naye akaufuata hukohuko.

Aliujua ujanja wote wa kuudanganya mwili. Hakuuambia kamwe umbali uliobaki. Aliuonyesha mkaratusi unaofuata, wakifika anauonyesha mwingine, kama mama anavyomvuta mtoto mvivu kwenda misa. Kilima cha kwanza alikikimbia kwa jina la Joviale. Kilichofuata alikikimbia kwa hasira, na hasira hazikumpungukia. Penye kijito alilowesha kofia. Akizidiwa alijitukana kwa Kimashi, kwa sauti, maana matusi ya lugha ya mama yanaingia ndani zaidi. Na mwisho wa yote, alijiahidi meza ya Francine, ambako maji yenye chumvi na sukari yalimngoja ndani ya kibidoni cha manjano.

Meza hiyo ndiyo iliyomwangusha mara mbili. Alifika sokoni vizuri, akatembea kama sheria ilivyotaka, akasalimia, akanywa. Kisha akaiita miguu, nayo haikuitika. Aliyewahi kukimbia mbali anajua: mwili ukishaonjeshwa kupumzika juani haukubali tena kirahisi. Mara ya kwanza alirudi nusu ya njia kwa kutembea. Mara ya pili alilala mtaroni mpaka dereva wa lori akamwonea huruma.

"Papa Joviale," Francine alimwambia usiku ule akimkanda mapaja, "hii jua itakuua. Na mwenye kukuzika ndiyo miye?"

"Mara moja tu tena," alisema. "Mwezi unaisha."

Francine hakumkataza. Nalisema hili kwa sababu watu baadaye walimlaumu kwa kutomkataza, kana kwamba mwanaume anayezama hunyang'anywa ubao.

Siku ya mwisho ilikuwa pia siku kubwa ya soko. Constantin alitoka Nguba mapema kidogo mchana, akapita mjini akipuliza filimbi, akapanda. Tangu kilima cha kwanza alijua leo ni leo. Pumzi ilikaa mahali pake, miguu ilikuwa myepesi, na saa mkononi ilimwambia yuko mbele ya muda. Lakini jua la siku hiyo lilikuwa na roho mbaya. Penye kijito hapakuwa na maji, tope lililokauka tu. Mate yalimwisha. Alipoikaribia Mudaka alijaribu kupuliza filimbi, midomo ikakataa, na pumzi kidogo iliyotoka ilimletea kizunguzungu. Akaivua, akaikamata ndani ya ngumi.

Mbele aliona miavuli ya soko. Hapo alipaswa kutembea.

Akafikiria miguu yake mara mbili zile. Akafikiria saa iliyokuwa inamwambia mazuri. Wananifahamu, alijiambia. Nimepita hapa tangu mwezi wa tano, hata watoto wananiita Sport. Ni soko dogo, nitalipita kama upepo. Alijidanganya hivyo kwa sekunde chache, na mtu aliyechoka hahitaji zaidi ya hizo kuamini uongo. Akainamisha kichwa, akaingia mbio.

Wa kwanza kumwona alikuwa mwanamke muuza nyanya, mgeni pale. Alimwona mwanaume mwenye vumbi jeupe usoni, mdomo wazi, macho yametoka, anatoka upande wa mjini kwa kasi, hasemi neno. Mwanamke hakuuliza. Alimbeba mtoto mgongoni, akaziacha nyanya, akaondoka. Jirani yake akamwona yeye. Kisha sauti moja ikapasua soko.

"Banakuya!"

Soko zima likainuka. Miavuli ilianguka, vikapu vilipinduka, wanawake waliita majina ya watoto wao. Wenye pikipiki walikata njia katikati ya watu. Constantin aliona migongo tu mbele yake, na kwa muda mfupi, Mungu amsamehe, hata yeye alitaka kugeuka aone ni nani anayekuja.

Halafu akamwona Francine. Alikuwa anakimbia na wenzake kuelekea kanisani, kitenge kimemfunguka, na alikuwa anakimbia vibaya, akirukaruka kama mtu anayekanyaga makaa.

"Francine! Simama! Ni miye! Hakuna kitu!"

Sauti haikuwa sauti, ilikuwa kikwaruzo. Akaongeza mwendo amfikie. Na kila alivyoongeza, waliokuwa mbele yake waliongeza pia, maana nyuma yao walisikia vishindo na mtu anayelia jina la mkewe, na katika nchi hii tunajua mwanaume humlilia mkewe hivyo wakati gani. Aliwakimbiza watu wale mita kwa mita akitaka kuwaambia wasikimbie. Ilimchukua muda kuelewa kwamba dawa ilikuwa moja tu, nayo ndiyo aliyoukataza mwili wake tangu Nguba.

Akasimama. Akakaa chini katikati ya lami, mikono juu.

Polepole, mmoja mmoja, watu waligeuka. Hapakuwa na risasi, hapakuwa na askari. Palikuwa na mwalimu wa mazoezi amekaa barabarani, filimbi mkononi, analia. Mtu akasema "Sport," kwa sauti ya chini, na safari hii hakuna aliyecheka.

Mafuta ya karai la Francine yalikuwa yamemwagika mtu alipoigonga meza. Yalimshika miguu yote miwili, kuanzia magoti mpaka vidole. Naye alikimbia nayo hivyohivyo, hadi karibu na kanisa, bila kuhisi. Maumivu yalimjia alipoambiwa hakuna kitu. Hapo ndipo alipopiga yowe, na yowe hilo Constantin analisikia mpaka leo anapofunga macho.

Kituo cha afya kilikuwa na bandeji na sista mwenye moyo, na si mengi zaidi. Usiku Constantin alikaa kando ya kitanda, bado na nguo zake za mazoezi. Alitaka kuuliza na aliogopa kuuliza. Mwishowe akauliza.

"Weye unanijua. Siku zote unaniona nikikuya mbio. Ulikimbia juu ya nini?"

Francine hakumtazama.

"Nilikuona," alisema. "Wengine balikimbia juu ya kelele. Miye nilikuona weye mwenyewe. Sura yako haikukuwa ya sport, Papa Joviale. Ilikuwa sura ya mutu mwenye anaona kifo nyuma yake. Nikasema, kama bwana yangu anakimbia vile, basi bameingia kweli."

Hakumtukana. Angemtukana, Constantin angepata pa kujishika. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, tunawaambia watoto, na tunaona tumemaliza. Methali hiyo haisemi kitu juu ya mguu wa mtu mwingine.

Papa Philémon alikuja siku iliyofuata, akichechemea, na ndizi ndani ya kikapu. Alimsalimia Francine, akamwombea, akaketi. Constantin alingoja kugombezwa.

"Ungechelewa," mzee alisema hatimaye. "Ungetembea, ungechelewa. Ndiyo ile tu."

Chris alikwenda Kampala. Alimaliza, akarudi na medali ya waliomaliza, akaja kuionyesha, kisha alipoona miguu ya Francine akairudisha mfukoni.

Miguu ilipona kwa namna ya kupona. Ngozi ilijivuta, vidole vya mguu wa kulia vilishikamana, na Francine akawa mtu wa fimbo kabla ya kufika miaka thelathini na tano. Kupanda Mudaka kila siku hakuwezekani tena. Kwa hiyo Constantin akachukua karai, akachukua jiko la makaa, akaenda kukaa kwenye meza ile. Mwanzoni wanawake walimpa mgongo alipofika. Wengine walihamisha vitu vyao wasikae karibu naye. Alikaanga sambaza wabichi ndani, weusi nje; wakamwonea huruma, wakamfundisha, wakaanza kumtania. Nadhani walimsamehe. Yeye hakuwauliza.

Mwaka uliofuata, mvua ya kwanza ilikuja mchana mmoja wa mwezi wa tisa. Wingu lilijikusanya upande wa milimani, upepo ukainua vumbi, na matone makubwa yakaanza kuanguka yakinuka udongo. Soko zima likatimka kwa vicheko, wanawake na vikapu vichwani, wote kuelekea baraza la duka kubwa. Mbio za furaha hizo, baada ya kiangazi chote kile.

Constantin alilifunika karai kwa kipande cha turubai, akalinyanyua, akaanza kuvuka barabara. Turubai lilipeperuka. Hakuharakisha.

"Papa Joviale, kimbia basi!" muuza nyanya alimpigia kelele kutoka barazani. "Biashara yako inalowa! Kimbia!"

Wengine wakadakia, wakimpigia makofi kama wanavyompigia mchezaji. "Kimbia, Sport! Kimbia!"

Baraza halikuwa mbali. Mtoto angelifikia kwa pumzi moja. Aliinua uso, akawaona wote wamejipanga pale wanamtazama, wanacheka, wanamwita. Miguu yake ilikuwa mizima kabisa. Akaitazama, akaikaza, akaendelea kutembea, mguu mmoja baada ya mwingine, mpaka vicheko vikanyamaza barazani na sambaza wakaelea katika maji ya mvua.