Hofu Iliyohamia kwa Rajmati

Wifi yangu Rajmati haogopi chui. Hilo nalisema mapema, kwa sababu haya nitakayosimulia yanaweza kumfanya mtu amdhanie mwoga, na mwanamke yule si mwoga. Mwaka alioolewa na kaka yangu Matbar, kabla hajazoea njia za mlima wetu, chui alimtokea porini akikata majani ya ng'ombe. Wenzake walitupa mizigo wakatimua mbio. Yeye alisimama na mundu wake akamporomoshea yule mnyama matusi ya kwao bondeni mpaka akaenda zake. Jioni mama yetu alimwuliza alimwambia nini. Rajmati akajibu, "Nilimwambia kama ana njaa akamsumbue mama mkwe wake, mimi wangu ananitosha." Mama alinuna mpaka wakati wa kula, kisha akacheka mpaka akapaliwa na dengu.

Basi huyo ndiye niliyemwona akitetemeka mchana kweupe mbele ya kibanda cha mawe kisicho na hata kufuli.

Kaka yangu alikuwa dereva wa lori. Alipeleka mchele na chumvi huko juu wanakokwenda mahujaji, njia ile ambayo upande mmoja ni ukuta wa jabali na upande wa pili ni mto, tena mto ulio chini kabisa. Msimu mmoja wa mvua mlima uliporomoka mbele ya macho yake. Ulilifagia lori lililomtangulia, dereva na utingo wake wakiwa ndani, na hakuna kilichoonekana tena. La Matbar lilisimama gurudumu moja likining'inia hewani. Alishuka, akaacha injini inanguruma, akarudi nyumbani kwa miguu.

Tangu hapo hakushika usukani. Kijiwe kikidondoka kwenye bati, anaruka. Mbuzi wakishuka mteremko kwa kishindo, anakimbilia uani. Usingizini alikuwa akimkamata Rajmati mkono, na asubuhi tukiwa kisimani niliona alama za vidole. Nikimwuliza anasema, "Acha ashike. Mkono ni wangu."

Ndipo Matbar akaanza kwenda kwa Swami, mzee mtawa aliyekaa ng'ambo ya daraja la kamba. Sitamsema vibaya Swami. Alimpokea mtu aliyevunjika, akamfundisha kukaa, kunyoosha mgongo, kuifuata pumzi inavyoingia na inavyotoka mpaka moyo utulie. Alimfundisha pia kwamba mateso yetu yana mizizi: kutojua, umimi, kupenda mno, kuchukia, na ule ulio mgumu kuliko yote, kung'ang'ania uhai. Huo, alisema, anao mdudu na anao msomi. Atakayekaa kimya vya kutosha atajua kwamba kile kinachokufa siyo yeye, na siku hiyo hataogopa tena. Mimi nilikuwa kando nikimenya vitunguu. Nikamwuliza, "Na wako, Swami, umeshang'oka?" Akacheka, akasema, "Bhama, ulimi wako ungefaa kuchanja kuni." 

Kusema kweli kaka yangu alipona. Alianza kulala. Alianza kutania watu. Akajenga kibanda chake cha mawe nyuma ya zizi, chenye mlango mdogo na dirisha moja la ukubwa wa kiganja, akawa anakaa humo kuanzia alfajiri. Watu wakaanza kuja kumtazama, kwanza majirani, halafu wa mbali. Kirpal, mwenye duka la nguo pale barabarani, akawa anafika kila siku kufagia kizingiti kama mtumishi, mtu mzima na kitambi chake.

Lakini kadiri Matbar alivyotulia ndivyo Rajmati alivyokonda. Matbar alikula mlo mmoja, kisha chapati moja ya ulezi. Pumzi yake akiwa amekaa ilipungua mpaka ukimtazama unaanza kuvuta pumzi wewe kwa niaba yake. Siku moja nikamwambia Rajmati, mumeo mzima, wewe unaumwa nini?

"Ile hofu haijafa, wifi," akasema. "Imehama tu. Yeye sasa analala, mimi niko macho."

Hata mumewe, Rajmati alimwambia waziwazi. Nilikuwepo, tulikuwa tunakula.

"Baba Bina," akamwambia, "siku ukiondoka huko unakokaa, mimi nitajuaje?"

"Nitaondoka niende wapi? Nipo hapa nyuma ya zizi."

"Mwili upo. Mimi naulizia mwenyewe."

"Unaogopa kwa sababu umenishika mno, Mama Bina. Hata huko kushika ni mzizi."

"Basi mimi ni mti mzima," akasema, akamwongezea samli kwa nguvu. Matbar alicheka, lakini yeye hakucheka.

Mwezi wa baridi kali ulipoingia, Matbar alitangaza kwamba kesho yake atakaa kikao kirefu, na mtu asimguse mpaka atoke mwenyewe. Huku kwetu hakuna asiyejua maana ya maneno hayo, tumeyanyonya pamoja na maziwa. Mtu ambaye pumzi yake imepanda juu hatikiswi wala haguswi. Ukimshtua, pumzi inapotea njia ya kurudi, na damu yake iko mikononi mwako.

Alfajiri theluji ilikuwa imeshuka. Matbar akaingia, akafumba macho. Kirpal alikuja kufagia, akaona baridi ile, akahurumia. Akawasha jiko la makaa, akalisukuma taratibu ndani ya kibanda, akaziba dirisha kwa blanketi ili kelele za ng'ombe zisimsumbue bwana wake, akarudisha mlango. Hakumwambia mtu, kwa kuwa wema ukitangazwa hauna thawabu. Kila mtoto wa mlimani anafundishwa asilale na makaa chumba kimefungwa, na Kirpal alifundishwa vilevile. Ila hakudhani kwamba mtu aliyefikia daraja ile bado anavuta hewa ileile tunayovuta sisi wengine.

Jua likafika uani, wakati ambao Matbar hutoka kila siku, na hakutoka. Kirpal akachungulia kwenye ufa wa mlango akarudi macho yamemtoka.

"Uso wake unang'aa," akasema. "Umekuwa mwekundu kama wa mtoto mchanga. Na hapumui."

Habari ikashuka mlima haraka kuliko maji. Wakaja na maua ya manjano, na ubani, na nazi, na yule mpiga ngoma wa hekalu. Swami wakamvusha daraja wamemshika kwapani huku na huku. Naye akaweka jicho kwenye ufa, akakaa pale kitambo, akageuka machozi yanamtiririka.

"Amefika," akasema. "Mwanafunzi amenitangulia. Imbeni, msindikizeni. Imbeni kwa nguvu."

Wakaimba. Uani hapakuwa na pa kukanyaga. Wanawake walikuja kuigusa miguu ya Rajmati, wengine umri wa mama yake, na yeye akawa anarudi nyuma, anarudi nyuma, mpaka mgongo ukagota kwenye mlango wa kibanda. Alikuwa mweupe midomo.  Na mimi, nisifiche, niliogopa kwamba kaka yangu amekufa, na niliogopa kwamba hajafa na tunamwua, na niliogopa kwamba ni mtakatifu na mimi nafikiri upuuzi juu ya mlango wake.

Rajmati akamshika Swami upindo wa shuka.

"Swami, umewahi kumwona mtu aliyefika?"

 "Nilisimuliwa na mwalimu wangu."

"Yeye aliona?"

"Alisimuliwa na wake."

"Nikimgusa, na kweli amefika?"

"Utamwua."

"Nisipomgusa, na hajafika?"

 Nilimtazama Swami usoni, na nikaona kwamba anaogopa kama sisi. Akamgeukia mpiga ngoma akainua mkono, naye akazidisha.

Rajmati akanitazama. "Wifi, wewe ni damu yake. Nifanye nini?"

Nikamwambia lililokuja mdomoni. "Kama amekuwa mungu, mimi na wewe hatuna la kumsaidia. Kama bado ni mtu, ana mke."

Kirpal alisikia. Akaja akasimama mbele ya mlango, ametandaza mikono. "Mama, nakuomba. Unakwenda kumwua mumeo."

"Huenda," Rajmati akasema. "Toka."

"Watu watakulaani mpaka vizazi vyako."

"Nimesema toka, Kirpal."

Rajmati alikuwa anatetemeka, niliona sketi yake ikicheza. Meno yalikuwa yanagongana. Kirpal hakutoka, basi akampita kwa bega, kitambi na vyote, akausukuma mlango.

Joto lilitupiga usoni, zito, lenye harufu ya makaa. Nililiona jiko kwenye kona, na blanketi limeziba dirisha. Matbar alikuwa ameketi kama alivyoketi alfajiri, mgongo umeegemea ukuta, kichwa kimeinama kidogo, na uso mwekundu, mzuri kabisa. Mke wa kwetu halitamki jina la mumewe, tangu harusi mpaka kaburini. Rajmati aliingia akaliita.

"Matbar."

Nje nyimbo zikakatika.

"Matbar. Matbar Singh."

Hakujibu. Akampitisha mikono kwapani akamburuta hadi uani, juu ya theluji, na miguu ya kaka yangu ilibaki imekunjwa vilevile kama ya kuku aliyefungwa sokoni. Mtu akaanza kulia kilio cha msiba. Swami alijifunika uso kwa shuka. Rajmati akampiga mumewe kofi, la kwanza, la pili, akamgeuza ubavu, akampiga mgongoni, huku anasema maneno ambayo nadhani ni yaleyale aliyomwambia chui. Mimi nilishika kichwa cha kaka yangu kisigonge mawe. Nilikuwa sisikii kitu kifuani mwake. Nilimwona Rajmati akinitazama, na niligeuza macho pembeni.

Kisha akakohoa. Akakohoa tena, akatapika maji ya njano mapajani mwangu, akavuta pumzi yenye sauti ya msumeno. Mikono ya watu ilipanda kifuani yote pamoja, viganja vimekutana.

Kirpal alipiga magoti kwenye theluji. Alikuwa analia. "Baba," akasema, "uliona nini huko?"

Macho ya Matbar yalizunguka yakitafuta. Yalipompata Rajmati, mkono wake ukamdaka kifundo cha mkono, na vidole vikazama. Ilichukua muda kabla hajapata sauti.

"Nilisikia ngoma."

Minong'ono ikapita uani. "Ngoma ya huko juu," Kirpal akawageukia watu. "Mmesikia? Ameisikia."

"Ngoma yenu," Matbar akasema. Sauti ilikuwa ndogo, ikabidi watu wasogee. "Miguu ilikataa. Mikono ilikataa. Sauti ilikuwepo, kidogo. Niliwaita tangu watu wa kwanza wanaingia uani. Kila nikiita, mnaimba zaidi."