Mhuri wa Kiazi Kisiwani Unguja

Enzi zetu pale kijijini Kiplombe, mbali na pwani, mtu hakuhitaji leseni wala petroli kuendesha gari hadi Unguja. Alihitaji waya, mikebe minne ya rangi ya viatu, malapa kuukuu ya kukatia tairi, na mdomo unaoweza kunguruma bila kupumzika. Gari langu lilikuwa limebonyea hata kabla ya kuanza safari. Nilifika chuo kikuu ndipo nikakubali kwamba sina mkono wa ufundi. Wenzangu walikuwa wamelijua hilo tangu darasa la nne.

Kila Pasaka, redio ikishatangaza mashindano ya magari, nasi tulifanya yetu. Mwalimu wa jiografia alikuwa ametujaza vichwa visiwa na miji ya kale, basi njia yetu ilipita huko huko. Tuliondoka Mombasa, yaani kwenye posho mill ya kusagia mahindi, tukateremka kati ya mashamba hadi Kilwa, josho la ng'ombe lililobomoka kuta, kisha tukavuka tope kuingia Unguja. Unguja ilikuwa kichuguu chenye nyasi katikati ya kinamasi, upana wake kama kitanda cha wageni. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona bahari. Tuliijua kwa rangi ya bluu kwenye atlasi, na kwa harufu ya samadi.

Kila kituo kilikuwa na afisa wa kugonga mihuri. Mhuri wenyewe ulikuwa nusu kiazi kilichochongwa nyota, wino wake masizi ya sufuria, na uligongwa juu ya mkono. Kanuni ilisomwa na Wafula, jirani yetu, ambaye baba yake alikuwa karani kutoka magharibi na nyumba yao nzima ilipenda kanuni: afisa haondoki kituoni mpaka gari la mwisho lipite.

Mwaka ule afisa wa Unguja alikuwa dada yangu Jerop. Ndiyo kwanza alikuwa ameanza shule, na tangu Krismasi alikuwa akitusumbua tumpe kazi.

Gari la Wafula liling'oka tairi karibu na Kilwa, akabaki nyuma. Kabla hajavuka, mama yake akamwita: “Wewe Wafula, ndama wananyonya maziwa yote na wewe unanguruma tu huko?” Akaenda. Mvua ya mawe ikaanguka, kila mtu akakimbilia kwao. Mama alipotuangalia jikoni akauliza Jerop yuko wapi, tukatazamana. Kila mmoja alidhani amekuja na mwingine.

Baba alivaa gumbuti, vile viatu vyake virefu vya mpira, akatoka mvuani nasi nyuma yake. Tulimkuta Jerop bado kisiwani, kiazi kwapani, maji yakimlamba vifundo vya miguu. Nyuma yake kijito cha kinamasi kilikuwa kimefura, kinapita na matawi mazima. Baba akaingia, maji yakamfika mapajani. Akanyoosha mikono.

“Njoo, mama.”

Jerop akarudi hatua moja nyuma, kuelekea kijito. “Baba, gari moja bado.”

“Gari la nani?”

“La Wafula.”

Baba akashusha mikono polepole. Alijua akimrukia, atarudi hatua nyingine. Bahati nzuri Wafula alikuwa amesikia mayowe ya Mama akaja mbio, gari mkononi. Yeye kanuni alizijua. Baba akambeba mabegani na gari lake, akamtua kisiwani. Wafula akanguruma huku meno yakigongana, akalisukuma gari kutoka ukingo hadi ukingo. Jerop akamgonga mhuri, akatazama huku na huku, akatangaza, “Unguja imefungwa.” Ndipo akakubali kubebwa.

Tulipofika pakavu Baba alisimama, akihema. Kisha akanyoosha mkono wake mpana. “Na mimi si nimepita?” Akagongwa. Mama alikuwa ametukatia fimbo uani. Aliisukuma motoni chini ya birika la chai. Jioni ile Baba aliosha mkono mmoja tu.

Wiki hii Jerop yuko pwani, amejitolea kwenye mashindano ya magari ya zamani yanayopita miji ya kale na kumalizikia Unguja. Tulisikia mvua kubwa imepiga huko, na tangu juzi simu yake haikuwa ikipatikana. Mwanangu, ambaye ameendesha magari ya simu katika miji yote ya dunia bila kuchafua ukucha, alinionyesha kwenye ramani ya simu kidoti kilichokwama baharini. “Daddy, location yake imestak.” Nilipomsimulia habari za kinamasi aliuliza, “Sasa si mngempigia tu?”

Nikaenda Kiplombe kukaa na Baba, ambaye siku hizi tunamwita Mzee. Kinamasi kimejengwa nyumba za kupangisha. Watoto wanacheza ndani, wakavu. Enzi zile tulimtafuta mtu kwa miguu na mayowe, leo tunamtafuta kwa kidole, na sioni kama kidole kinatuliza moyo. Mimi ningependa gumbuti.

Asubuhi hii ujumbe ukaingia: “Mtandao ulipotea. Niko Unguja, niko salama. Gari moja bado.”

Nilimsomea Mzee. Alicheka mpaka akakohoa, kisha akageuza mkono wake, akatazama pale juu alipowahi kugongwa mhuri.

“Mwambie alisubiri gari hilo,” akasema. “Lakini asimame pakavu.”