Ballalshastri wa Wai na Aya Aliyoionea Haya

Alizaliwa Wai, kando ya mto Krishna, mwaka 1851, katika nyumba ya Wabramini wasomi, watu wa tabaka la makuhani. Mama yake alifariki yeye angali mchanga, akalelewa na dada yake Saguna, aliyekuwa mjane tangu utotoni, kichwa kimenyolewa, sari nyekundu isiyo na pindo, kama desturi ya wajane. Mvulana alifundishwa Kisanskriti, lugha ya maandiko matakatifu. Dada alikatazwa hata kukisikiliza. Siku moja, akipiga mikate ya mtama, Saguna alimwambia, "Nyinyi wanaume mnajifungia na maneno ya miungu kama watoto walioiba sukari. Nitafsirie na mimi!" Huo ndio ulikuwa wito wake.

Akautia utenzi mkuu wa kale katika Kimarathi cha jikoni, kazi ya miaka mingi. Alipofika pale mtawa wa msituni anaposema kwamba kivuli cha mjane huua bahati ya bibi harusi, aliionea haya aya hiyo. Akaandika kinyume: mjane ndiye atangulie kumpaka bibi harusi manjano, kwa kuwa ameyajua machozi. Kitabu kiliposomwa hekaluni wanawake walilia kwa furaha, naye akasifiwa mji mzima.

Mwaka 1889 jirani alimwoza binti. Saguna akaingia, akachovya vidole kwenye manjano, akamgusa bibi harusi shavuni. Shangazi mtu akamdaka mkono.

"We mkosi! Nani kakutuma?"

"Kitabu," akasema Saguna.

Kuhani alicheka. Akaighani aya yenyewe kwa Kisanskriti, kisha akaifafanua neno kwa neno mbele ya wageni wote. Manjano yakamwagwa, bibi harusi akaogeshwa upya.

"Ballal, imeandikwa au haikuandikwa?" Saguna aliuliza aliporudi.

"Haikuandikwa, dada."

"Ningejua ningekaa zangu jikoni. Umenihurumia mpaka ukanivua nguo mbele za watu."

Ballalshastri, mtakatifu wetu, alilaza uso miguuni pake, asiweze kuuinua kwa aibu.

Mwezi wa Shravan, mwezi wa mvua na ibada, mbele ya umati hekaluni, aliisoma aya ile kama ilivyo, na ukali wake wote. Akasema, "Hivi ndivyo walivyonena wahenga wetu, nami nikawafunika. Nawaonea haya wao, na najionea haya zaidi mimi." Alirushiwa makubazi, akatengwa na watu wa tabaka lake, hata kinyozi hakumkaribia tena. Saguna alimpakulia chakula, akasema, "Sasa angalau najua wa kugombana naye: yule mtawa wa msituni."

Alifariki mwaka 1907. Wapo wasemao mto ulipanda ngazi za hekalu kumsujudia. Sisi wa Wai tunajua hupanda kila msimu wa mvua. Ajabu yake ni ile siku ya Shravan, na anayetaka kumfuata asiyapake sukari makosa ya wazee wake. Ila tuseme kweli, ingawa inatutia aibu: tafsiri inayosomwa harusini kwetu hadi leo ni ile ya kwanza, ile tamu, na wajane wetu huisikiliza wakiwa jikoni.